Nani Kala Malisho? Rekodi Kumi za Kolo na Nyanda za Kati

Ukitoka Dodoma kwenda Babati, ukishaupita mji wa Kondoa, vilima vya Irangi vinaanza kukuzunguka kulia na kushoto. Chini ya vilima hivyo ndipo ilipo Kolo, kijiji cha kando ya barabara chenye ofisi ya mambo ya kale. Wenye magari wengi hupita bila kupunguza mwendo. Lakini kwa anayetaka kujua namna tumbo la mtu wa mbali linavyoweza kugeuza nyasi za nchi asiyoijua, ni sehemu chache Afrika Mashariki zenye kumbukumbu ndefu kama hapa.

Duniani malisho ya kudumu yanazidi hekta bilioni 3, karibu theluthi mbili ya ardhi yote ya kilimo na ufugaji. Tanzania inahesabu hekta milioni 60 zinazofaa kulishia mifugo, na ng'ombe zaidi ya milioni 36. Ethiopia pekee ndiyo huwekwa mbele yake Afrika. Takwimu hizi kwa kawaida husomwa kama habari za wafugaji: wana ng'ombe wengi, wanachunga ovyo, wanaharibu ardhi. Orodha hii inazisoma kwa upande wa pili. Kila rekodi imetajiwa mlaji wake, kwa sababu malisho hayaishi kwa midomo ya ng'ombe tu.

1. Kumbukumbu kongwe kuliko zote: michoro ya Kolo
*Mlaji: mwindaji mwenyewe*

Kabla ya ng'ombe, nyasi za hapa zilikuwa na walaji wengine, na picha zao zipo. Pofu, twiga, tembo na swala wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo juu ya kuta za miamba iliyoinama kama paa, pamoja na watu wembamba warefu wenye vichwa vilivyopambwa. Eneo la Michoro ya Miambani ya Kondoa lina zaidi ya vivuli 150 vya miamba katika kilomita za mraba 2,336, na mwaka 2006 UNESCO iliuingiza urithi huu katika orodha ya dunia. Michoro hiyo ilichorwa kwa kipindi kisichopungua miaka elfu mbili, na mingine inadhaniwa kuwa ya kale zaidi. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huku akiinakili mmoja mmoja.

Mungumi wa Kolo, mwamba mashuhuri kuliko yote, bado si makumbusho tu. Wenyeji hupanda kwenda kuomba mvua na uponyaji, na wanyama huchinjwa huko. Wageni na wahifadhi huhofia rangi za kale. Wazee wa hapa huhofia mvua isiponyesha.

Tunaanza na rekodi hii kwa sababu ndiyo pekee katika orodha ambamo mtu anayekula na malisho waliishi pamoja. Mwindaji aliyechora pofu alikuwa akiona kwa macho yake nyasi zimepungua au zimestawi. Kuanzia namba mbili, ukimtoa ng'ombe wa namba tano, mlaji haoni chochote.

2. Mnunuzi wa mbali kuliko wote: kinanda cha Connecticut
*Mlaji: sebule za Marekani na Ulaya*

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kubwa ya pembe za ndovu Afrika Mashariki. Misafara ilipita nyanda za kati, Wagogo wakitoza hongo na kuuza nafaka na maji, na Kondoa Irangi ikawa mojawapo ya vituo vya kupumzikia na kununulia chakula. Pembe zilibebwa mabegani hadi pwani, zikapakiwa majahazini na melini. Nyingine zilikwenda India kuwa bangili, nyingine Ulaya kuwa mipira ya biliadi na vitana. Sehemu kubwa iliishia Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa kukata pembe kuwa vibonyezo vya piano.

Haya yanahusiana vipi na malisho? Tembo ni mtunza mbuga. Huvunja miti, hung'oa vichaka, hufungua njia kwa nyasi. Watafiti wa historia ya mazingira wanaeleza kwamba tembo walipomalizwa, vichaka vilipata nafasi ya kurudi katika sehemu nyingi za bara. Na kichaka ndicho nyumba ya mbung'o, na palipo na mbung'o ng'ombe hakai. Kwa hiyo binti wa Boston aliyejifunza muziki alichangia, bila kujua wala kukusudia, kufunga machungio ya watu ambao hangewaona kamwe.

3. Pigo kubwa kuliko yote: sotoka
*Mlaji: jeshi la Italia*

Mwaka 1887 na 1888 ugonjwa wa sotoka uliingia Eritrea. Inaaminika ulikuja na ng'ombe walioletwa kwa meli kuwalisha askari wa Kiitaliano waliokuwa wakiivamia nchi hiyo. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umefika Tanganyika. Makadirio ya kawaida ni kwamba ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa, pamoja na nyati na wanyamapori wengine wengi. Wamasai, Wagogo na majirani zao waliingia katika njaa ambayo simulizi zake zilirithiwa kwa vizazi.

Pigo la pili lilikuja kimya. Nyasi zisizochungwa ziliachia vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na pale ambapo mifugo ilianza kuzaliana upya, ilikuta nchi imefungwa. Ndiyo maana katika utawala wa Mwingereza wataalamu wa mbung'o walifanya utafiti huko Kikore, si mbali na Kolo, na wanakijiji wakatumwa kufyeka misitu kwa mapanga. Watu na mifugo walibanana katika vilima visivyo na mbung'o, na msongamano huo ndio uliozaa rekodi namba tano.

Sotoka ina rekodi nyingine, ya heri. Mlipuko wa mwisho duniani uliothibitishwa ulikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 ugonjwa ulitangazwa kutokomezwa. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili tu ambao binadamu ameufuta kabisa juu ya uso wa dunia.

4. Hasara kubwa kuliko zote: karanga za Kongwa
*Mlaji: mkate wa Uingereza uliokosa siagi*

Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgawo. Mafuta ya kula yalikuwa haba, na kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, ilipeleka wazo serikalini: tulime karanga Tanganyika, tutengeneze majarini. Mpango ulilenga zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, mashariki mwa Dodoma, ilichaguliwa kuwa mwanzo.

Kwa macho ya waliotoka London hapo palikuwa pori tupu. Wagogo walijua kwa nini hapalimwi: mvua haba, isiyotabirika, na udongo ambao kiangazi hugeuka sakafu. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mibuyu iliyapinda majembe. Mwishoni mwa 1947 zilikuwa zimepandwa ekari 7,500, wakati lengo la mwaka huo lilikuwa 150,000. Udongo ulipokauka karanga zilibaki ardhini, hazichimbiki. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa na kufuta takriban pauni milioni 36.

Kilichofuata ndicho kinachoiingiza Kongwa katika orodha hii. Ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga ilirudi kwenye kazi inayoiweza: ikawa malisho. Ranchi ya Kongwa, ambayo leo iko chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, ina takriban hekta 38,000, na kituo cha utafiti cha TALIRI kilichopo hapo kinazalisha mbegu za nyasi na kufunga hei. Mataifa machache yamelipa ada kubwa hivyo kujifunza kwamba nyanda hizi ni za mifugo. Mgogo angewaambia bure.

5. Uhamisho mkubwa kuliko wote: HADO, 1979
*Mlaji: ng'ombe mwenyewe, kwa mujibu wa hukumu*

Makorongo ya Kondoa yalikuwa yamepata umaarufu wa aibu. Vilima vilibaki udongo mwekundu uliochanwa na maji, mizizi ya miti ikining'inia hewani, mchanga ukishuka na kuzika mashamba ya bondeni. Wakoloni walijaribu matuta, walijaribu kupunguza mifugo, walijaribu kuhamisha watu. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden kupitia SIDA, ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, ambayo kila mtu huku anaijua kwa jina la HADO. Miti ikapandwa, matuta yakachimbwa, ardhi ikaendelea kuondoka.

Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi ambao haukuwa na mfano nchini: mifugo yote itoke. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, karibu 90,000, waliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256, yaani zaidi ya mifugo 70 kwa kila kilomita ya mraba. Wenye ndugu nje ya mipaka walipeleka huko wanyama wao. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa.

Matokeo yalionekana kwa jicho. Ndani ya miaka michache nyasi na vichaka vilifunika vilima, mito ya mchanga ikatulia, na watu wakaanza kulima palipokuwa jangwa. Wataalamu walikuja kutoka kila pembe kupiga picha za kabla na baada. Lakini picha hazikuonyesha kila kitu. Maziwa yaliadimika, mbolea ilikwisha mashambani, na mzigo aliokuwa akiubeba punda ukahamia kichwani mwa mwanamke. Na mifugo iliyotoka haikuyeyuka. Ilikwenda kula nyasi za watu wengine, bondeni na upande wa Umasaini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa kurudi kwa sharti moja: wasitoke zizini. Ndipo Warangi wengi, wenyeji wa vilima hivi, walipoanza maisha ya kukata majani. Asubuhi mtu hushuka na panga, hukata matete na majani ya kingo za matuta, hufunga mzigo, hupanda nao. Kiangazi ni mabua ya mahindi, yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na pumba na mashudu. Ng'ombe mmoja ndani hutaka kazi ya mtu mmoja nje. Samadi hurudi shambani, maziwa huuzwa kijijini, na korongo linapona.

SIDA ilijitoa katikati ya miaka ya 1990, na mifugo ya kuchungwa ikaanza kupenya tena. Wakati huohuo watafiti waliopima umri wa udongo wa Irangi waligundua jambo la kutia adabu: mmomonyoko mkubwa ulianza karne nyingi kabla ya mkoloni kufika na daftari lake la kuhesabu ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na hatia, ila hakuwa peke yake kizimbani. Mbung'o waliombana, misafara iliyolishwa kwa mashamba ya vilimani, na mabadiliko ya hali ya hewa, vyote vilistahili kuitwa mahakamani.

6. Msafiri wa mbali kuliko wote: nyasi
*Mlaji: fahali wa Brazil na ngamia wa Oman*

Tunazoea kusema Afrika inauza mali ghafi. Katika malisho, Afrika imetoa kitu kikubwa kuliko nyama, na haikulipwa. Nyasi zilizoumbwa kwa kuliwa na makundi ya pundamilia na nyumbu kwa mamilioni ya miaka ndizo zilizoishinda dunia ya joto. Brachiaria ya Afrika inafunika makumi ya mamilioni ya hekta za Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nyama ya ng'ombe nje. Cenchrus ciliaris, ileile inayofungwa hei Kongwa, imeenea Australia, Texas na kaskazini mwa Mexico. Wafugaji huko wanaisifu na wahifadhi wanailaani, kwa kuwa inawaka moto kirahisi na kuiua mimea ya kienyeji.

Oman nako ni hivyo. Katika tambarare ya Batinah, nyasi aina ya Rhodes, ya asili ya Afrika, imekuwa chakula kikuu cha mifugo kwa miaka mingi, ikimwagiliwa maji ya visima hadi visima vingi vikaanza kuingia chumvi. Saudi Arabia iliona hatari hiyohiyo ikazuia kilimo cha majani mabichi, na kampuni zake zikaenda kulima alfalfa katika jangwa la Arizona, zinakotumia maji ya Wamarekani. Nyasi ya kwetu, ng'ombe wa huko, maji ya kwingine: biashara ya malisho leo haina tena haja ya malisho kuwa karibu na mnyama.

7. Ongezeko la kasi kuliko yote: nyama ya kwenda Ghuba
*Mlaji: Dubai, Doha, Muscat, Riyadh*

Mwaka wa fedha 2020/21 Tanzania iliuza nje nyama isiyofika tani 2,000. Mwaka uliofuata ilizidi tani 10,000, na 2022/23 ikapita 14,000. Sehemu kubwa ni ya mbuzi, inayopelekwa ikiwa baridi bila kugandishwa. Mbuzi aliyenunuliwa mnadani nyanda za kati wiki hii anaweza kuwa sahanini Ghuba kabla wiki ijayo haijaisha. Machinjio ya Kizota mjini Dodoma ni mojawapo ya milango ya biashara hiyo, na lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251 zilizozinduliwa Aprili 2018, imefanya minada ya Kondoa isiwe tena mbali na mji.

Si mara ya kwanza. Wanaokaa Kawe, Dar es Salaam, bado wanavitaja viwanja vya Tanganyika Packers, kiwanda kilichoendeshwa kwa ubia na kampuni ya Liebig ya Uingereza, kikipokea ng'ombe wa bara kwa reli na kuwafungia Waingereza nyama ya kopo. Kiwanda kilikufa, eneo likabaki la mikutano ya injili na siasa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Soko la Ghuba lina uzuri mmoja ambao haujasemwa sana. Linapenda mbuzi mdogo. Mfugaji anayeuza mbuzi wa mwaka mmoja hana haja ya kumlisha miaka mitano, na kwa malisho hiyo ni nafuu kubwa. Ila soko hilo hilo hufunga mlango ghafla. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 2000, Saudi Arabia ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na Berbera, bandari inayoishi kwa mbuzi na kondoo wa Hija, ilikaa miaka tisa ikisubiri. Mwaka 2007 homa hiyo ilifika hapa, na Dodoma ndio mkoa ulioumia zaidi Tanzania. Mlango ukifungwa, mifugo inabaki mbugani, na nyasi ndizo zinazobeba.

Hapa ndipo pa kusema ukweli juu ya nyama. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliojumlisha mashamba karibu 38,700 ya nchi 119, ulikuta kwamba gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama huhitaji wastani wa mita za mraba 164 za ardhi kwa mwaka. Za njegere huhitaji zisizofika 4. Tofauti hiyo ni ya kweli na ni kubwa. Ila njegere haioti kwenye kila jiwe la Irangi, na mbuzi wa nyanda za kati hakufyekewa msitu wa Amazon ili ale. Mita ya mraba ya huku na ya kule si mamoja.

8. Shamba linalohama zaidi: alizeti
*Mlaji: kikaangio*

Malisho ya nyanda za kati leo hayaliwi sana na mchanga. Yanaliwa na jembe. Dodoma na Singida ni ngome ya alizeti, na Juni 2021 serikali ilizindua kampeni ya kuipanua katika mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu, kwa sababu nchi huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, hasa ya mawese ya Indonesia na Malaysia. Wakulima wakaitika, wakafungua mashamba mapya, mengi yakiwa yaliyokuwa machungio. Kisha ushuru wa mafuta ya nje ukapunguzwa ili bei ya dukani ishuke, mafuta yakaingia, na bei ya alizeti ikaanguka.

Warangi na majirani zao walishaliona hilo kwenye mbaazi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuagiza mbaazi, na gunia lililokuwa mali likawa mzigo. Kila bei inapopanda, malisho yanalimwa. Inaposhuka, shamba linaachwa, lakini machungio hayarudi, kwa kuwa tayari yana mwenyewe.

Alizeti inayo huruma yake kwa ng'ombe: mashudu. Kinachobaki baada ya kukamua ni chakula bora cha mifugo, na kila zizi la Kondoa linakitamani. Lakini mashudu hayohayo hununuliwa na wafanyabiashara wa Kenya na India, na bei yake hufuata mnunuzi mwenye fedha. Nyasi zimekuwa alizeti, alizeti imekuwa mafuta, na kilichobaki kwa ng'ombe kinapandishwa lori.

9. Mnyama aliyeghalika kwa kifo chake: punda
*Mlaji: dawa na urembo wa China*

Ejiao ni gundi ya kuchemsha ngozi ya punda, inayotumika China katika tiba za jadi na vipodozi. Tabaka la kati lilipokua, mahitaji yalipaa, na punda wa China wakapungua kutoka milioni 11 miaka ya mwanzo ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika. Tanzania iliwahi kuwa na machinjio mawili ya punda, moja Dodoma na jingine Shinyanga.

Punda hazaliani kama mbuzi. Jike hubeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Machinjio hayakuweza kusubiri, na wezi walijifunza upesi. Kwa nyumba inayofuga ndani, hasara ya punda si ya punda tu: yeye ndiye aletaye majani na maji zizini, na akikosekana, ng'ombe anarudishwa mbugani au mama anarudi kubeba. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaidhinisha katazo la bara zima la miaka 15. Mara chache Afrika imesema kwa sauti moja kwamba bei nzuri si sababu ya kuuza.

10. Bidhaa isiyoshikika kuliko zote: hewa ya ukaa
*Mlaji: anga*

Rekodi ya mwisho ni ya Kolo yenyewe. Mwaka 2008 Norway, nchi iliyotajirika kwa mafuta ya petroli, iliahidi Tanzania kroner milioni 500 kwa miaka mitano ili kujaribu biashara ya kulipia misitu isiyokatwa. Mojawapo ya miradi ya majaribio ilitua katika vilima vya Kolo, kwenye misitu ya Isabe na Salanga, chini ya African Wildlife Foundation. Vijiji vinavyoizunguka viliunda jumuiya, JUHIBEKO, ili kusimamia msitu kwa pamoja na kugawana malipo.

Wazo ni rahisi kulieleza: usichome mkaa, usifyeke shamba jipya, usichunge msituni, na mtu wa Ulaya atakulipa kwa kaboni iliyobaki mtini. Vilima hivyo pia ndivyo vinavyotoa maji yanayoelekea Mto Tarangire, hivyo faida haikuwa ya hewani tu. Malipo ya majaribio yalitolewa, watu wakajifunza kupima miti kwa utepe. Kisha miaka ya mradi ikaisha, na vijiji vikabaki na sheria ndogo za kusimamia na ng'ombe wa kulisha.

Tofauti yake na HADO ni ya kutazamwa kwa makini. Mwaka 1979 mfugaji aliambiwa atoke. Safari hii aliulizwa anataka kiasi gani asiingie. Hayo ni maendeleo. Lakini nyakati zote mbili bajeti ilitoka Skandinavia, na ilipokwisha, zuio lilibaki mikononi mwa wasio na bajeti.

Rekodi ambayo bado haijawekwa

Ukizipitia zote kumi, mambo mawili yanajirudia. La kwanza, mlaji hubadilika kila kizazi, lakini anayelaumiwa ni yuleyule mwenye fimbo. La pili, malisho yalipotea kirahisi zaidi pale yalipohesabiwa kuwa pori lisilo na mwenyewe. Kongwa ilichukuliwa hivyo mwaka 1947, na mashamba mapya ya alizeti hufunguliwa hivyo hadi leo.

Dawa yake ipo katika vitabu vya sheria tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya malisho na kuiwekea hatimiliki ya kimila. Sheria ya maeneo ya malisho ya 2010 ikaongeza nguvu. Mfano wa karibu uko wilaya jirani ya Kiteto, ambako vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha machungio yao kuwa eneo moja, OLENGAPO, likapimwa na kuandikishwa kwa jina la wafugaji wenyewe. Ni Kiteto ileile ambako mwanzoni mwa 2014 wakulima na wafugaji waliuana kwa ajili ya ardhi.

Katika hekta milioni 60 za Tanzania, zilizopimwa na kuandikishwa namna hiyo ni sehemu ndogo sana. Bei ya alizeti itapanda tena, Ghuba itaongeza oda, na mnunuzi mwingine ambaye hatujamjua bado atakuja na mkoba wake. Vijiji vitakavyomkuta na hati mkononi vitakaa naye mezani kujadili bei. Visivyo na hati vitasikia habari ya mauzo redioni, pamoja na sisi wengine.